Kinshasa haikupigia kura lugha

Ugomvi ulianzia kwenye foleni ya posho, mwezi wa kumi na mbili 2023, ile wiki redio ilipokuwa ikitoa matokeo ya uchaguzi wa Kongo vipande vipande. Mimi ni mtu wa Uvira. Jirani yangu, tunamwita Papa Matete kwa sababu ndiyo komini yake ya Kinshasa, alikuwa mbele yangu na kadi yake ya posho mkononi. Kijana mmoja akasema kwa sauti: "Hawa watu wa Lingala ndio walituharibia nchi. Kila uchaguzi wanapiga kura kinyume na sisi." Papa Matete akageuka: "Na ninyi Baswahili? Nani alimpa Kabila kura 2006? Si ninyi?"

Watu wakacheka, wengine wakakunja uso. Mama mmoja akawaambia wanyamaze, mchele ni ule ule. Lakini usiku sikulala vizuri, maana swali la Papa Matete lilinihusu. Mimi ndiye niliyempa Kabila kura 2006.

Ndugu zetu wa mashirika wakifika hapa mara ya kwanza huambiwa haraka haraka kwamba Wakongo ni watu wa mashariki wanaosema Kiswahili na watu wa magharibi wanaosema Lingala, na kwamba ndivyo wanavyopiga kura. Hata sisi wenyewe tunasema hivyo. Nimekaa na Papa Matete siku nyingi, tumezirudia chaguzi zote mojamoja, yeye akisema Kinshasa ilifanya nini, mimi nikisema kwetu tulifanya nini. Nimeona kwamba maneno hayo yanafaa uchaguzi mmoja tu, tena hata huo tuliusoma vibaya.

Tuanze na wazee. Kinshasa ilipiga kura ya kwanza mwezi wa kumi na mbili 1957, ilipokuwa bado Léopoldville, Wabelgiji walipokubali wakaaji wa komini wachague madiwani. Chama cha Abako kikashinda, na Joseph Kasavubu akawa meya wa komini ya Dendale, ambayo leo ina jina lake. Siku ya kupokea kazi, 1958, alisimama mbele ya wakubwa wa kikoloni akadai watu wajitawale. Yaani jiji lilipopewa kura mara ya kwanza kabisa, liliitumia kumjibu yule aliyekaa juu yake.

Mobutu alijua hilo. Mwaka 1970 alisimama peke yake, na mpiga kura alipewa karatasi mbili, ya kijani kusema ndiyo na nyekundu kusema hapana, mbele ya macho ya watu. Kwa hesabu ya serikali, nchi nzima ilitoa nyekundu 157. Papa Matete anasema baba yake alikuwa akisimulia siku zile bila kucheka. Kura haikuwa siri, basi haikuwa kura. Mtu aliyekwenda alikwenda kuonekana.

Ndiyo maana 2006 ilikuwa kama harusi. Tarehe 30 mwezi wa saba tulipanga mstari tangu usiku. Wagombea wa urais walikuwa 33. Papa Matete anakumbuka kwamba kwao karatasi ya wabunge ilikuwa na kurasa sita, kubwa kama gazeti, na wazee walikuwa wakiifungua sakafuni ili waone picha. Duru ya kwanza Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03. Duru ya pili, tarehe 29 mwezi wa kumi, Kabila akashinda kwa asilimia 58.05. Lakini ukiangalia ramani ndipo unashtuka. Kinshasa ilimpa Bemba karibu asilimia 68. Kivu zote mbili zilimpa Kabila zaidi ya asilimia 90. Nchi ilikatika katikati kama muhogo.

Hapo ndipo hadithi ya lugha ilipozaliwa. Kabila alikulia Tanzania, Kiswahili kilikuwa kinywani mwake na Lingala ilimpa taabu; Kinshasa walimcheka kwa hilo. Bemba alikuwa mtu wa Équateur, Lingala yake ilikuwa tamu. Basi tukasema: kila mtu amemchagua wa lugha yake. Na risasi zilipolia Kinshasa mwezi wa nane kati ya askari wa wagombea wawili, kisha tena mwezi wa tatu 2007, tulizidi kuamini hivyo.

Nilimuuliza Papa Matete swali ambalo sikuwahi kumuuliza mtu wa Kinshasa: "Wewe mwenyewe, kwa nini Bemba?" Aliniita *leki*, mdogo wake, kama anavyofanya akitaka kusema jambo zito.

"Leki, mimi Bemba sikumpenda. Alikuwa mkubwa wa waasi, nilijua. Lakini tangu 1997 niliishi chini ya Kabila baba, halafu Kabila mwana. Mshahara wa ualimu haufiki, maji hayatoki, askari wanakusimamisha njiani kila jioni. Nilipopewa kalamu nilimwambia yule niliyemjua: toka. Angesimama mbuzi mbele yake, ningempigia mbuzi."

Akanirudishia swali: "Na wewe?"

Nikamwambia ukweli. Sisi Kabila hatukumjua. Kuanzia 1998 hadi 2003 Uvira, Bukavu na Goma zilikuwa chini ya RCD, waasi waliotoza kodi na kufunga watu, na nyuma yao askari wa Rwanda. Serikali ya Kinshasa kwetu ilikuwa sauti ya redioni. Kabila tulimjua kama mtu aliyetia sahihi amani na kuwatoa wale tuliokuwa tukiwaogopa. Azarias Ruberwa wa RCD alisimama pia 2006, akapata asilimia 1.69 nchi nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kura yetu hasa. Tulimwambia yule tuliyemjua: toka.

Tukanyamaza wote wawili. Miaka 17 tulikuwa tunagombana, kumbe tulifanya jambo moja. Kila upande ulimwadhibu yule aliyeutawala kwa karibu, na ukampa kura yule aliyekuwa mbali, ambaye ubaya wake haukuwa umefika mlangoni. Mimi Bemba nilimwogopa kwa sababu ya habari za Ituri, ambako watu wake walifanya mabaya. Yeye Ituri hakuwa ameiona. Yeye Kabila alimchoka. Mimi nilikuwa sijamwonja.

Ukitaka kujua kama ilikuwa lugha, angalia 2011. Lingekuwa jambo la Lingala, Kinshasa ingetafuta mtu mwingine wa Lingala. Bemba alikuwa amefungwa The Hague. Kinshasa ikamwendea nani? Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, mzee wa Limete aliyempinga Mobutu tangu zamani. Jiji lilimpa zaidi ya asilimia 60. Na sisi? Vital Kamerhe, mwana wa Bukavu, ndiye aliyemfanyia Kabila kampeni 2006. Mwaka 2009 alipinga hadharani kuingizwa kwa askari wa Rwanda katika Kivu, akapoteza kiti cha uspika, na 2011 akasimama mwenyewe. Katika Kivu ya Kusini alimnyang'anya Kabila kura nyingi. Zile asilimia 90 hazikurudi tena. Tulikuwa tumeshamwonja sasa, na vita ilikuwa bado inalala nyumbani kwetu.

Mwaka ule Kabila alitangazwa kwa asilimia 48.95, Tshisekedi 32.33, Kamerhe 7.74. Katiba ilikuwa imebadilishwa mwezi wa kwanza na duru ya pili ikaondolewa, basi hiyo ilitosha. Lakini Kinshasa matokeo ya karibu biro 2,000 za kura yalipotea, na kule Katanga, Malemba Nkulu, Kabila alipewa asilimia 100. Papa Matete anasema biro aliyopigia kura hakuisikia tena. "Nilipanga mstari saa tano, karatasi yangu ikafa njiani." Mimi yangu ilihesabiwa. Sijui nijivunie nini.

Mwaka 2018 sote wawili tulikuwa tumeshavuka ziwa. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili tulisikiliza redio ya simu mpaka betri ikaisha. Kinshasa iligawanya kura zake kati ya wapinzani wawili, Martin Fayulu na Félix Tshisekedi, mwana wa yule mzee, na mtu wa Kabila, Shadary, ikamwacha mbali. Kivu nayo haikumtaka Shadary. Kwa mara ya kwanza watu wa foleni yetu na watu wa Matete walikuwa upande mmoja. Ile ramani iliyokatika kama muhogo haikuwapo tena.

Tume ilimtangaza Félix kwa asilimia 38.57, Fayulu 34.83. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa wametuma waangalizi 40,000, walisema hesabu hiyo hailingani na waliyoyaona. Na Beni na Butembo hazikupiga kura siku ile. Waliambiwa ni Ebola na usalama, wangojee mwezi wa tatu, wakati rais atakuwa ameshaapa. Watu wa Beni walipanga mstari wao wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura za karatasi za kawaida ambazo hakuna aliyetakiwa kuzihesabu. Papa Matete aliposikia hilo alisema: "Hao ni watu wa Kinshasa kabisa." Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwake.

Sasa 2023, mwaka wa ugomvi wetu. Safari hii Kinshasa ilivunja desturi yake, ikampigia rais aliyekaa kitini. Félix alipata asilimia 73.47 nchi nzima, Moïse Katumbi karibu 18. Kijana wa foleni akasema, umeona, jiji limenunuliwa. Papa Matete hakubali. Anasema familia ile jiji limeilea Limete tangu miaka ya 80, shule ya msingi ikawa bure, na vita ya M23 ikawafanya watu wasimame nyuma ya rais. Labda. Mimi namwonyesha hesabu nyingine. Duru ya kwanza ya 2006 walijitokeza wapiga kura zaidi ya 70 katika kila 100. Mwaka 2011 wakawa 59 hivi, 2018 wakawa 48, 2023 wakawa 43. Mshindi anapanda, mstari unapungua. Na Masisi na Rutshuru hazikupiga kabisa, kwa sababu ya vita.

Halafu kuna sisi. Mwaka huo kwa mara ya kwanza Wakongo walio nje walipiga kura, katika nchi tano: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Tanzania haimo, Uganda haimo, Burundi haimo. Aliyekwenda mbali kwa ndege alihesabiwa; aliyevuka ziwa kwa mtumbwi hakuhesabiwa. Hapo hakukuwa na Lingala wala Kiswahili. Foleni yetu yote ilikuwa nje, Papa Matete na mimi na yule kijana.

Karti yangu ya mpiga kura ya 2011 bado ninayo, ndani ya nailoni, pamoja na cheti cha ubatizo. Kwetu karti ile ndiyo kitambulisho. Hatuna kingine kinachosema mimi ni mtu wa wapi. Juzi Papa Matete alikuja na yake. Tuliziweka pamoja mezani. Yake inasema Kinshasa, yangu Kivu ya Kusini, na picha zote mbili zimefifia. Yule kijana alipita, akaziangalia, akauliza alikuwa na miaka mingapi 2011. Alikuwa na sita. Hajawahi kupiga kura popote.

Akaketi. Papa Matete akaanza kumweleza jinsi karatasi ya kurasa sita inavyofunguliwa.