Mtoto wa Miaka 78,000 Hajawahi Kuingia Darasani Kwetu

Leo nataka tuongee kuhusu kamba na mtoto mmoja.

Lakini kwanza swali. Ukiulizwa binadamu wa kale aliishi wapi hapa Kenya, unajibu nini? Mimi nilikuwa najua kabisa: Olorgesailie, Kariandusi, Koobi Fora, Hyrax Hill. Nilikariri kama namba ya simu, nikaandika kwa mtihani, nikapata alama zangu. Nimekulia Kilifi, na hata siku moja sikuwaza kwamba jibu lingine liko kwetu.

Kumbe liko. Kwenye vilima vya Dzitsoni, Kilifi hiyo hiyo, kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka nje walianza kuchimba hapo 2010. Mwaka 2013 wakapata vipande vya kwanza vya mifupa. 2017 wakafikia shimo lenyewe, kama mita 3 chini ya sakafu ya pango. Mifupa ilikuwa imeoza hadi ukiigusa inakuwa unga, kwa hivyo wakafunika lile bonge lote la udongo kwa plasta, wakalibeba hadi Nairobi, halafu hadi maabara ya Burgos, Uhispania.

Ndani kulikuwa na mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3. Alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Vile mifupa ilikaa, inaonekana alikuwa amefungwa kwa kitu kama sanda, na kichwa kikawekwa juu ya kitu kama mto ambacho kilishaoza. Wakamwita Mtoto. Alizikwa karibu miaka 78,000 iliyopita. Utafiti ulipotoka katika jarida la Nature mwaka 2021, ikajulikana kwamba hilo ndilo kaburi la zamani zaidi la binadamu kama sisi lililowahi kupatikana Afrika.

Mimi nilijua haya miaka baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo, nimelala tu na simu. Nilifurahi, halafu nikakasirika. Mtoto wa kwetu amefika Uhispania kabla ya kufika darasani kwetu?

Likizo iliyopita nikamwambia binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani. Akanijibu, "Basi acha kulalamika, leta hizo picha." Tukatafuta Jumamosi moja. Nilichapisha picha kumi, tukazibandika ukutani, tukaalika wazazi pia. Halafu nikaja na uzi wa fundi wa mjengo, mita 78. Kila mita ni miaka 1,000.

Tuliuvuta uwanjani, karibu umalize uwanja wa mpira. Upande mmoja akasimama msichana wa gredi ya sita, yeye ndiye Mtoto. Upande wa pili ni leo. Nikawauliza hao watoto, uhuru wa 1963 uko wapi? Wakakimbilia katikati. Hapana: ni sentimita 6 tu kutoka leo, urefu wa kidole. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, haifiki hata nusu mita. Vasco da Gama kufika Malindi 1498 ni nusu mita na kidogo. Wakanyamaza. Historia ya Pwani niliyokariri mimi, wageni na meli zao, yote ilienea kwa hatua moja. Zilizobaki ni mita 77 za watu wetu, na hatukuwa tumeambiwa.

Mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe wa umri huo huo. Alitazama mchoro wa kaburi kwa muda, kisha akasema, "Huyu alikuwa na mamake." Mimi sina digrii, lakini sijawahi kusikia somo la historia likifupishwa vizuri hivyo.

Najua mtaniambia mifupa halisi haiwezi kuletwa shuleni. Sawa, na isiletwe, ni dhaifu mno. Lakini nakala ya plasta inaweza. Picha zinaweza. Mtu aliyeshika mwiko kwenye lile shimo anaweza kuja kukaa na watoto saa moja. Gede kuna jumba la makumbusho zuri, lakini kwenda huko shule inahitaji basi na pesa. Meza moja chini ya mwembe haihitaji basi.

Na si Kilifi peke yake. Migori wana Thimlich Ohinga. Turkana wana yule kijana wa Nariokotome ambaye Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake 1984. Swali langu ni rahisi: watoto wanaoishi karibu na hapo wamewahi kuonyeshwa, ama wanakariri tu majina?

Haya, kwenu kumepatikana nini? Kitafute, chapisha picha, ongea na mwalimu mmoja. Uzi ninao bado, naweza kuwaazima.