Kinywe cha Ruangwa na Elektroni Moja

Ukisafiri kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, wazee watakupa kwanza hadithi ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, wakajenga na reli kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea. Mwaka 1951 waliachana na mpango huo, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli nayo ikaja kung'olewa. Hadithi ya siku hizi ni kinywe, yale madini meusi ya kwenye penseli, ambayo kampuni za nje zinayafuata Ruangwa kwa ajili ya betri.

Mimi nasoma fizikia, na kinywe kilinifikia kwa mlango mwingine.

Mwaka 1987 Theodore Fulton na Gerald Dolan, wa Bell Labs huko Marekani, walitengeneza kisiwa cha alumini kidogo mno, kiasi kwamba elektroni moja ikishaingia, chaji yake inaizuia ya pili. Umeme ukapita kwa zamu, elektroni mojamoja. Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo wakapendekeza kwamba spini ya elektroni iliyofungiwa hivyo, ile tabia yake ya kuwa kama sumaku ndogo, itunze taarifa za kompyuta ya kwanta. Tatizo ni majirani. Viini vingi vya atomi vina spini zao, na huisumbua elektroni mpaka isahau ilichobeba.

Kaboni ni jirani mtulivu. Takriban asilimia 99 ya kaboni ya asili ni kaboni 12, ambayo kiini chake hakina spini. Mwaka 2004, huko Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua kinywe kwa utepe wa gundi, tena na tena, wakapata tabaka lenye unene wa atomi moja: grafini. (Utepe wa gundi! Wakapewa Nobel mwaka 2010.) Lakini katika tabaka moja elektroni hupenya ukuta kama haupo. Baadaye watafiti, wakiwemo wa ETH Zürich, walitumia tabaka mbili na volti, wakaweza kuifungia elektroni moja mahali pake.

Nilimsimulia haya mjomba wangu kule Ruangwa. Akauliza maabara hizo hutumia magunia mangapi ya kinywe.

"Kipande kisichojaza ukucha kinatosha majaribio mengi," nikamjibu.

Akacheka. "Basi, mjomba, hicho hawatakijengea reli."