Mbabula: moto uliokuja na gari moshi

Siku ya kilio, wakati watu wanajaa mu lupango, bamama wanauliza kwanza: tutapikia juu ya nini? Mawe matatu na kuni, ao mbabula na makala? Vijana wanachukua mbabula, juu inabebeka. Wazee wengine nao wanaitetea, wanasema ni desturi ya bankambo. Sisi tunapenda kujua: ni bankambo gani hao?

Katika vijiji vya Balamba, Basanga, Babemba na Baluba, moto ulikuwa wa mafiga. Mawe matatu, chungu juu, kuni kavu pembeni. Bamama waliokota matawi yaliyoanguka, hawakuhitaji kukata mti muzima. Mafiga hayabebwi: ukihama, unayaacha, na kule unakoenda unatafuta mawe mengine.

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji wetu ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, na mwaka 1911 kiwanda kilianza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi wengi waliajiriwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Walikuja kwa mkataba wa miezi, wengi bila wake zao, wakajipikia inje, mu kamp.

Sasa tusikilize jina lenyewe. Afrika ya Kusini wanasema imbawula: ni pipa ao bati lenye matundu, ambalo wafanyakazi na walinzi wa usiku wanaotea moto. Zambia wanasema mbaula. Sisi tunasema mbabula. Rwanda na Burundi ni imbabura, na Kinshasa babula. Kwa mawazo yetu, jina hili lilifuata njia ya kazi: migodi, reli, kamp. Njo maana tunasema mbabula haikutoka kijijini. Ni desturi, ndiyo, lakini ni desturi ya bankambo wa kazi.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto. Kamp zikajaa, mji ukapanuka, pori likaenda mbali. Kuni ni nzito kubeba, tena moshi wake unasumbua jirani. Makala ni mepesi, yanakaa mu saki, yanauzwa kidogo kidogo. Lakini bei yake nyingine iko mu pori. Mu tanuru ya udongo, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 za miti. Na hapo hawaokoti matawi: wanaangusha muputu na mutondo, miti inayotupatia uyoga na viwavi.

Mtu atasema: si kuna umeme? Union Minière ilijenga mabwawa ya Nzilo (1952) na Nseke (1956) kwa ajili ya viwanda vyake. Mu miaka ya 1980 laini ya Inga ikafika Kolwezi, kilometa 1.700 na zaidi. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na chini yake mama anapepea mbabula.

Basi, tuchague namna gani? Kama ni kilio ao arusi, sufuria kubwa, watu wengi, kazi ya siku nzima inje: kuni kavu zinafaa, zilizopasuliwa ndogo-ndogo. Fundi wa bati anaweza kutengeneza mbabula ya miti, yenye mlango kando wa kuingiza kuni na matundu chini ya kupitisha hewa. Inakinga upepo, inakula kuni kidogo kuliko mafiga. Kama ni sombe ya watu wachache, makala sawa, lakini mbabula iwe na udongo wa kuchoma ndani. Wakenya walianza kutengeneza namna hii mu miaka ya 1980: udongo unatunza moto, na saki ya makala inakawia kuisha.

Na mu baridi ya mwezi wa sita na wa saba, mtu asiingize mbabula mu chumba cha kulala. Makala hayana moshi wa kuonekana, lakini gazi yake inaua watu usingizini. Mbabula iwashwe inje. Desturi hiyo tuifuate.