Asilimia Zaidi ya Mia: Historia Fupi ya Kupima Maji ya Mti

Wafasiri wa vitabu vya misitu hukutana na sentensi isemayo kwamba gogo lililokatwa leo lina unyevu wa asilimia 150. Aisomaye mara ya kwanza hudhani kuwa mpiga chapa amekosea, maana kitu hakiwezi kuwa na maji yanayozidi uzito wake chenyewe. Akiifuta sifuri kwa nia njema, hubaki asilimia 15, na mbao mbichi kabisa huwa imegeuzwa mbao kavu ya kutengenezea kabati. Katika makala haya tunakusudia kueleza hesabu hiyo ilivyozaliwa, na kwa nini hatuna budi kuwa na istilahi mbili pale ambapo mazoea yametuachia moja.

Kupima maji ya mimea kwa mizani ni kazi ya zamani. Stephen Hales, kasisi wa Teddington huko Uingereza, alipima mmea wa alizeti uliopandwa chunguni, asubuhi na jioni, ili ajue kiasi cha maji kinachotoka majanini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1727. Lakini Hales alichunguza maji yapitayo. Swali la maji yakaayo ndani ya shina lilisukumwa zaidi na haja za wapasuaji mbao na wajenzi, kwa kuwa gogo bichi ni zito kusafirisha, na mbao isiyokaushwa vema hujikunja na kupasuka.

Mwaka 1906 Harry Tiemann, mtaalamu wa misitu wa Marekani, alitoa maelezo yaliyoweka msingi wa istilahi za leo. Maji ya mti hukaa mahali pawili: katika uwazi wa seli na katika kuta za seli. Mti ukikauka, maji ya uwazini hutangulia kutoka, na nguvu ya mbao haibadiliki. Unyevu ukishuka hadi kama asilimia 30, uwazi huwa mtupu ilhali kuta zingali zimejaa. Kuanzia hapo mbao husinyaa, hukakamaa na kuongezeka nguvu. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi walilijua jambo hili kwa upande wa samaki.

Sasa tuitazame asilimia yenyewe. Tuchukue kipande cha mti kibichi chenye uzito wa kilo 100, tukikaushe katika tanuri yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito wake usipungue tena, kibaki kilo 40. Maji yaliyotoka ni kilo 60. Tukiyalinganisha na uzito mbichi, tunapata asilimia 60. Tukiyalinganisha na uzito mkavu, tunapata asilimia 150. Wataalamu wa mbao walichagua uzito mkavu kwa sababu haubadiliki mbao inapoendelea kukauka. Wafanyao biashara ya kuni na mabaki ya mimea kwa ajili ya nishati hutumia zaidi uzito mbichi. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuzipa jina moja.

Tofauti huonekana hata ndani ya mti mmoja. Majedwali ya Maabara ya Mazao ya Misitu ya Madison, Wisconsin, iliyoanzishwa mwaka 1910, yanaonyesha kwamba mwerezi mwekundu wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini una wastani wa asilimia 58 katika kiini chake, na asilimia 249 katika sehemu ya nje ipitishayo maji. Kwa uzito mbichi, hizo ni kama kilo 37 na kilo 71 katika kila kilo 100.

Mbuyu nao hutufundisha uangalifu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu mibuyu ya Madagaska ulionyesha kwamba maji yanaweza kufikia asilimia 79 ya uzito mbichi wa shina. Kwa uzito mkavu, hiyo ni kama asilimia 376. Maji hayo hutumika hasa kuchipusha majani mapya kabla ya mvua. Huko Kordofan, Sudani, watu huchonga pango ndani ya mbuyu wakalijaza maji ya mvua. Basi tukiandika tu kwamba "mbuyu huhifadhi maji", msomaji hajui kama tunasema juu ya seli au juu ya pango.

Je, Kiswahili kina maneno gani? "Rutuba", neno lenye asili ya Kiarabu, lilielezwa na kamusi za zamani kuwa ni umajimaji. Leo walimu wa kilimo wamelipeleka kwenye ubora wa udongo, na si busara kulirudisha. "Ubichi" ni neno la mafundi, lakini lahusu pia tunda na chakula, wala halipimiki. Latufaa zaidi neno "unyevu".

Tunapendekeza "unyevu wa mbao" litumike kwa hesabu ya uzito mkavu peke yake, na "sehemu ya maji" kwa hesabu ya uzito mbichi. Kila jedwali litaje msingi wake katika kichwa cha safu. Mfasiri akikuta asilimia inayozidi 100, asiifute. Aulize kwanza imegawanywa kwa nini.