Ndege wa Bustani ya Entebbe na Waliowatazama Kwanza

Mgeni anayetembea na darubini katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, anaweza kudhani kwamba Waingereza waliitenga kwa ajili ya ndege. Sivyo. Ilianzishwa mwaka 1898, msimamizi wake wa kwanza akiwa Alexander Whyte, ili kujaribu mazao ya biashara kama mpira, kakao na kahawa. Koloni ilitakiwa ijilipie. Ndege walibaki kwa sababu kipande cha msitu wa asili kilibaki. Kasuku wa kijivu na hondohondo hutaga katika mashimo ya miti mizee. Ikikatwa, nao huondoka.

Mzungu anayetajwa sana katika habari za ndege wa Uganda ni Frederick Jackson, aliyekuwa gavana kuanzia mwaka 1911. Aliwapenda kweli, ila mapenzi ya wakati ule yalishika bunduki: ndege alipigwa, akachunwa, ngozi ikasafirishwa Uingereza. Kitabu chake kikubwa kuhusu ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, yeye akiwa amekwisha kufa.

Lakini Baganda walikuwa wakiwatazama ndege hao zamani, tena kwa sababu nzito zaidi. Mtu wa ukoo wa Ngaali hali korongo taji, na wa Nnyonyi Nnyange hali yangeyange. Huwezi kumheshimu ndege usiyemtambua, kwa hiyo mtoto alifundishwa mapema. (Hakuhitaji darubini.)

Kwa nini basi maarifa hayo ni haba vitabuni? Sababu moja, naona, ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa, na kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell akawahamisha wakazi wengi wa ufuoni. Wavuvi, waliomjua furukombe na mdiria kwa sauti tu, walitawanywa miaka ileile wageni walipokuwa wakikusanya ngozi na kuandika majina.

Wakoloni walimweka korongo taji kwenye nembo yao, na bendera ya uhuru ya mwaka 1962 ikaendelea naye. Watu wa Ngaali walikuwa naye kabla ya wote hao.