Ushahidi 2008: ramani, SMS na somo la sehemu tupu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina hadithi ndefu kiasi, kwa hivyo chukua chai kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa hapa Kisumu namalizia ramani ndogo ya mteja mmoja. Watu wanatuma malalamiko ya maji, mfumo unayahesabu, halafu kila mtaa unapakwa rangi. Malalamiko mengi ni nyekundu, machache ni njano, yasipokuwepo ni kijani. Nikamwonyesha mama, maana yeye ndiye mtu wangu wa kwanza wa majaribio. Akaangalia skrini, akacheka. "Tangu lini Obunga ikawa na maji namna hiyo?"

Obunga ilikuwa kijani kibichi! Kumbe hakuna mtu wa kule aliyekuwa ameambiwa nambari ya kutuma. Sehemu tupu kwenye hifadhidata mimi niliisoma kama sifuri. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mimi nina digrii ya kompyuta ukutani.

Nikaanza kutafuta mtandaoni jinsi wengine walivyolitatua tatizo hili, na kiungo kimoja kikanipeleka kwa kingine hadi nikajikuta Januari 2008. Ndipo nikagundua kwamba historia ya kazi ninayoifanya kila siku ilianzia kwenye matukio niliyoyapitia nikiwa na miaka 10.

Tuanze nyuma kidogo. Google Maps ilitoka Februari 2005. Ilikuwa ajabu ya wakati huo, kwa sababu ulivuta ramani kwa kipanya na ukurasa haukujipakia upya. Kabla Google haijaruhusu mtu yeyote kuitumia kwenye tovuti yake, mtaalamu mmoja wa Marekani, Paul Rademacher, alichunguza jinsi inavyofanya kazi ndani, akachukua matangazo ya nyumba za kupanga kutoka Craigslist na kuyabandika juu ya ramani. Tovuti yake iliitwa HousingMaps. Juni mwaka huohuo Google ikatoa API rasmi, na mchanganyiko wa namna hii ukapata jina: mashapu. Unachukua data ya huku, ramani ya kule, unazipika chungu kimoja.

Watu wengi walitumia mashapu kwa nyumba na mikahawa. Kenya ikaja na matumizi mengine.

Tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa urais. Siku hiyohiyo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na runinga. Hapa Kisumu moto ulikuwa umeshawaka. Tulikaa Manyatta wakati huo. Ninachokumbuka ni kulala sakafuni, maduka kufungwa, na kadi ya simu kutafutwa kama dhahabu. Mama alikuwa na simu moja na salio dogo, na kila SMS aliipima maneno.

Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyekuwa akiandika kwa jina la Kenyan Pundit, aliuliza mtandaoni kama kuna wataalamu walio tayari kutengeneza mashapu ya Google Maps inayoonyesha ghasia zinatokea wapi. Wachache waliitikia, wakiwemo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye ndiye aliyeandika programu akiwa Marekani. Ndani ya siku chache tovuti ikawa hewani. Wakaiita Ushahidi.

Hebu fikiria hilo kama mwenzangu wa kazi hii. Siku chache! Hakukuwa na mikutano ya kupanga mikutano. Na mfumo wenyewe ulikuwa rahisi: ripoti inaingia kwa fomu ya tovuti, barua pepe au SMS, mtu anaisoma, anajaribu kuithibitisha, anaipa aina yake na mahali pake, kisha nukta inatokea kwenye ramani.

SMS ndiyo iliyokuwa muhimu. Wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti, maana nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika 2009. Intaneti ilikuwa ya saiba, ya kulipia kwa dakika, na katika wiki zile nani angetoka nyumbani kwenda saiba? Lakini simu ya kubonyeza ilikuwepo kwenye maboma mengi. Herufi 160 zilitosha kusema nini na wapi.

Ugumu ulikuwa kwenye hilo la wapi. Kompyuta haielewi "pale karibu na stendi, ukipita kanisa". Inataka latitudo na longitudo. Kisumu iko kama nyuzi 0.09 kusini na 34.77 mashariki. Ukikosea alama moja ya kutoa, unavuka ikweta na tukio linahamia upande mwingine. Na ramani za mtandaoni za miji yetu zilikuwa na barabara chache na majina machache zaidi. Kwa hivyo ilibidi awepo mtu anayeijua nchi, si programu peke yake.

Jambo jingine ambalo sikulijua: huyo David Kobia alikuwa pia mwenye jukwaa la Mashada, lililokuwa maarufu sana kwa Wakenya wa nje. Mwezi huohuo alilifunga kwa sababu ya matusi na chuki za kikabila. Yaani mtu mmoja, ndani ya mwezi mmoja, alijenga chombo cha kukusanya ushahidi na akazima chombo kilichogeuka mahali pa kuchocheana. Nimelifikiria sana hili. Teknolojia ilikuwa karibu ileile: fomu, hifadhidata, ukurasa. Tofauti ni kwamba huku kulikuwa na mtu anayesoma kabla ya kuchapisha.

Baadaye mfumo uliandikwa upya na kutolewa kama programu huria. Mwishoni mwa 2008 ulitumika mashariki mwa Kongo. Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 lilipotokea, wanafunzi na watu wa kujitolea huko Boston waliufungulia ramani ndani ya saa chache. Kenya tuliutumia tena kwa jina la Uchaguzi, kuanzia kura ya maoni ya 2010. Kifaa kilichozaliwa kwenye aibu yetu kikawa msaada kwa wengine.

Sasa turudi kwa Obunga yangu ya kijani.

Nilichukua kurasa za zamani kwenye Wayback Machine, ile mashine ya Internet Archive iliyofunguliwa kwa umma 2001. Kama hujawahi kuitumia, jaribu leo. Lakini jua jambo moja: inahifadhi vizuri maandishi na picha, ila ramani za miaka ile mara nyingi zinabaki kisanduku tupu. Sababu ni kwamba vipande vya ramani havikuwa ndani ya ukurasa. Kivinjari kiliviomba kutoka seva nyingine kila mara. Maandishi ya kawaida ndiyo yanayodumu.

Nilipokuwa nikiangalia nikamkumbuka jirani yetu wa Manyatta. Alikuwa na kibanda cha githeri, na akitupa sisi watoto vijiko vya mwisho vya sufuria. Hakuwa Mjaluo. Usiku mmoja Januari ile aliondoka na wanawe wawili, mama akimsaidia kubeba godoro hadi barabarani. Hakurudi. Nilimuuliza mama kama yeye, au mtu yeyote pale, alituma SMS mahali.

"Nitume wapi?" akasema. "Na ningesema nini? Tulikuwa tunamficha."

Hapo nilinyamaza. Kwenye ramani yoyote ya wakati ule, nyumba yetu ingekuwa sehemu tupu, na mtu kama mimi angeisoma kama amani. Tume ya Waki iliripoti Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Huyo mama alikuwa mmoja wa hao waliohama, lakini hakuna aliyemwandika.

Simaanishi kwamba Ushahidi ulishindwa. La hasha. Bila ule mfumo, mengi yaliyotumwa yangepotea kabisa. Ninachosema ni kwamba ramani ya aina hii inaonyesha yaliyosemwa, na yaliyosemwa yanategemea nani ana simu, nani ana salio, nani anajua nambari, na nani haogopi. Aliye hatarini zaidi mara nyingi ndiye asiyetuma.

Kwa hivyo nimebadilisha programu yangu. Mtaa usio na ripoti sasa ni kijivu, na ukibonyeza unasoma: "Hatujasikia kutoka hapa." Ni mistari minne tu ya msimbo. Mteja hakufurahi mwanzoni, kwa sababu kijani kinapendeza kwenye wasilisho. Nilimweleza habari ya Obunga, akakubali. Kesho naenda kule kubandika nambari kwenye vioski vya maji.

Nyinyi mnaotengeneza mifumo ya ripoti, nawaomba mambo mawili. Kwanza, tenganisheni tupu na sifuri tangu siku ya kwanza. Pili, hifadhini data yenu kama maandishi ya kawaida, hata faili la CSV, yenye tarehe, mahali na maelezo ya aliyeona, ili ramani ikifa habari ibaki. Ila jina na nambari ya simu ya mtoa habari msiziweke hapo.

Nami nimefungua faili langu. Mstari wa kwanza ni Manyatta, Januari 2008, mama mmoja wa githeri na wanawe wawili. Jina lake sijaliandika.

Haya, tuonane wiki ijayo. Kama na wewe uliwahi kupaka Obunga kijani, niandikie, tucheke pamoja.