Limasawa na Ushahidi wa Mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wasemavyo watu wa pwani, ingawa historia ya visiwa imejaa wageni waliokuja na wenyeji wasipone. Limasawa ni kisiwa cha ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo saba tu, kusini mwa Leyte, nchini Ufilipino. Hii leo ni manispaa ya mkoa wa Southern Leyte, yenye vijiji sita na watu wapatao elfu sita. Udogo wake, hata hivyo, haukukinusuru na mzigo mkubwa wa historia.

Usiku mmoja wa Machi 1521, mabaharia wa Ferdinand Magellan waliona moto ukiwaka kisiwani. Asubuhi ya tarehe 28 wakatia nanga karibu nacho. Kikaja chombo kidogo chenye watu wanane, nao wakasita kukaribia. Ndipo mtumwa wa Magellan, aliyeitwa Enrique, alipowasemesha kwa Kimalayu, na mara wakamwelewa. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyeiandika safari hiyo, anakiita kisiwa hicho Mazaua, na mfalme wake anamtaja kwa jina la Kolambu.

Si jambo dogo hilo. Kimalayu kilikuwa lugha ya biashara katika bahari zile, kama Kiswahili kilivyokuwa katika mwambao wa Afrika. Na mlango wa Mazaua haukufunguliwa kwa mzinga, ulifunguliwa kwa neno. Magellan mwenyewe alikuwa akiijua vizuri njia ya mzinga. Mwaka 1505 alisafiri katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ulioiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Mwaka 1511 alikuwamo miongoni mwa Wareno walioitwaa Malaka, na huko ndiko alikompata Enrique. Kwa hiyo ulimi uliowatuliza watu wa Mazaua ulikuwa wenyewe ni nyara ya vita.

Kolambu aliwapokea wageni kwa ukarimu. Alimtunukia Magellan kipande kikubwa cha dhahabu na kikapu cha tangawizi. Magellan akashukuru asivipokee. Wawili hao wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu. Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, ikasomwa misa ufukweni, na jioni yake msalaba ukasimamishwa juu ya kilima kirefu. Wenyeji waliambiwa kuwa alama ile ingewakinga: meli nyingine za Wahispania zikija, zitaiona na hazitawadhuru. Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kweli, mabaharia wale walisaidia kuvuna mpunga wa mfalme kabla ya kuondoka kuelekea Cebu.

Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 27 Aprili Magellan aliuawa katika mapigano ya Mactan. Wasia wake ulitaka Enrique aachwe huru bwana wake akifa, lakini waliorithi uongozi walimkatalia. Na baada ya mauaji ya Wahispania kule Cebu, habari zake zikakatika. Mwaka 1565 Wahispania walirudi chini ya Miguel López de Legazpi, na safari hii hawakuja kupita. Utawala wao ulidumu hadi 1898.

Mazaua nayo ikapoteza jina. Kwa karne nyingi ilishikiliwa kwamba misa ile ilisomwa Butuan, katika kisiwa cha Mindanao, na mwaka 1872 likajengwa huko jiwe la kumbukumbu. Utata huo una chimbuko lake. Pigafetta anasema kwamba mfalme wa Butuan alikuwa nduguye Kolambu, na kwamba wawili hao walikuwa wakikutana Mazaua kila walipotaka kuwinda pamoja. Maandishi kamili ya Pigafetta yalipochapwa Milano mwaka 1800, na wataalamu wakaanza kuyasoma kwa makini, kauli ikaanza kugeuka. Sheria ya mwaka 1960 ikaitambua Limasawa, lakini mabishano hayakukoma. Mwaka 2020, baada ya jopo la wataalamu lililoongozwa na Resil Mojares kuzipima hoja za pande zote, tume ya taifa ya historia iliithibitisha tena Limasawa.

Miaka mia tano ya misa hiyo iliadhimishwa kisiwani tarehe 31 Machi 2021. Mwezi Desemba mwaka huohuo kimbunga Rai, ambacho Wafilipino hukiita Odette, kilipiga Southern Leyte, kikaacha nyumba za Limasawa bila mapaa. Kumbukumbu ya zamani haikumkinga mtu na upepo, kama vile msalaba wa kilimani haukuwakinga mababu na utawala wa wageni.

Katika mabishano yote hayo, mashahidi walioitwa ni wageni: Pigafetta na daftari lake, nahodha na vipimo vyake vya nyuzi, mapadri na ramani zao. Kolambu hakuandika neno. Hatujui aliwasimulia nini watoto wake kuhusu wiki ile, wala yule mtumwa aliyewapatanisha aliyaonaje maneno yaliyopita kinywani mwake. Kisiwa kimerudishiwa misa yake. Sauti ya mwenyeji bado haijarudi.